UCHAMBUZI: Wanaouza michoro ng'ambo kutoka Karagita wahitaji ngao waliyo nayo wachuma maua

JUMAMOSI moja ya Desemba 2025, vijana wanne waliketi katika chumba cha kupanga mtaani Karagita, Naivasha, kufunga hesabu za mwaka. Mwenyeji wao alikuwa mpwa wangu, binti ya dadangu. Wawili walikuwa wamefika asubuhi hiyo kwa matatu kutoka Nakuru na Eldoret. Wa nne alikuwa amesafiri usiku kucha kutoka Likoni, Mombasa. Ilikuwa mara yao ya kwanza mwaka mzima kukaa chini ya paa moja, ilhali hufanya kazi pamoja karibu kila siku.

Kazi yao ni usanifu wa michoro. Huchora nembo za biashara, vibandiko vya chupa, kurasa za tovuti na sura ya vifungashio. Wateja wao wengi wako Ulaya na Marekani, nao hawajawahi kuonana nao ana kwa ana. Hawana ofisi, hawana karani, na hawana kampuni iliyosajiliwa. Wana vipakatalishi vinne, kimoja kikiwa na ufa kwenye kioo, na daftari moja ambalo mpwa wangu ndiye mtunzaji.

Nilikuwa hapo kama mgeni. Nadhani nilialikwa kwa sababu mbili: ujomba, na ile tabia ya wahariri wasaidizi ya kuuliza maswali ambayo wengine wanaona haya kuyauliza. Daftari lilikuwa na safu nne: kazi, mteja, ahadi na malipo. Safu ya ahadi ilikuwa imejaa kuanzia Januari hadi Desemba. Safu ya malipo ilikuwa na mapengo.

Mkutano wao ulichukua saa tano, ukikatizwa na chai na chapati za dadangu. Yaliyozungumzwa humo yanastahili kusikika nje ya Karagita, kwa maana serikali mbili mfululizo zimewaambia vijana wa nchi hii kwamba riziki yao iko mtandaoni. Hawa wanne waliitikia wito huo. Hesabu zao ndizo kipimo cha wito wenyewe.

Kwa msomaji asiyeijua Karagita, huu ni mtaa ulio kando ya barabara ya Moi South Lake, kusini mashariki mwa Ziwa Naivasha katika Kaunti ya Nakuru. Ulikua kwa sababu ya maua. Mashamba ya waridi yalipopanuka kandokando ya ziwa, watu walikuja kutoka Nyanza, Magharibi, Mlima Kenya na Ukambani kutafuta kibarua, wakahitaji mahali pa kulala. Alfajiri mabasi ya mashamba huwabeba wafanyakazi, jioni huwarudisha. Dadangu amepanda mabasi hayo tangu bintiye alipokuwa mchanga.

Jambo la kwanza katika ajenda lilikuwa dola, na ndilo lililochukua muda mrefu zaidi.

Kikundi hiki kilianza kazi mwishoni mwa 2023. Wakati huo dola ya Marekani ilikuwa ikipanda bei karibu kila wiki, hata kufikia Januari 2024 ilikuwa ikibadilishwa kwa takriban Sh160. Kazi ya dola 300 ilimaanisha Sh48,000 kabla ya makato. Ni katika msimu huo vijana hawa walipojipangia bei, wakakubaliana kodi za vyumba wanavyoweza kumudu, na mmoja wao akachukua mkopo wa kununua kipakatalishi.

Februari 2024 serikali iliuza hatifungani mpya ya dola 1.5 bilioni katika masoko ya kimataifa ili kupunguza mzigo wa ile ya dola 2 bilioni iliyokuwa ikikomaa Juni mwaka huo. Hofu kwamba Kenya ingeshindwa kulipa ikatulia, na shilingi ikapata nguvu kwa kasi ambayo wengi hawakuitarajia. Kufikia miezi ya katikati ya 2024 dola ilikuwa imeshuka hadi karibu Sh130. Mwaka wote wa 2025 imekaa karibu na Sh129. Dola 300 zile zile sasa ni Sh38,700. Sh9,300 zimetoweka, yaani karibu moja kwa tano ya pato, na hakuna aliyekosea kazi wala kuchelewa kuikamilisha.

Taifa lilishangilia kuimarika kwa shilingi, na kwa haki. Anayeagiza mafuta, mbolea au dawa kutoka nje alipata afueni, na Hazina ya Kitaifa ikapumua kwa sababu madeni mengi ya nchi hulipwa kwa dola. Lakini kila bei ina pande mbili. Anayeuza nje hupoteza pale anayenunua nje anapopata, na safari hii miongoni mwa wauzaji wa nje walikuwemo vijana wasiojihesabu kuwa wauzaji wa nje.

Hapa ndipo tofauti kati ya mama na binti inapoonekana wazi. Mashamba ya maua nayo hulipwa kwa sarafu za kigeni, hivyo shilingi ilipopata nguvu mapato yao kwa shilingi yalipungua. Hata hivyo, mshahara wa dadangu haukuguswa. Umewekwa kwa shilingi katika mkataba wa pamoja kati ya Chama cha Wafanyakazi wa Mashamba Makubwa na Kilimo, KPAWU, na chama cha waajiri wa kilimo, ambao hujadiliwa upya kila baada ya kipindi fulani. Hasara ya dola ilikuwa ya mwenye shamba. Bintiye ni kibarua na mwenye shamba kwa wakati mmoja, naye hubeba hasara za wote wawili.

Niliuliza, kwa nini basi wasipandishe bei? Yule wa Eldoret alicheka. "Mjomba," akasema, "mteja haoni shilingi. Anaona dola, na anaona Mnigeria aliye chini yetu kwa dola mia moja."

Jibu hilo lilinifanya nifikirie tena. Nigeria iliiachilia naira ijitafutie thamani sokoni Juni 2023. Kabla ya hapo dola moja ilikuwa chini ya naira 500 kwa bei rasmi. Mwaka uliofuata ilivuka naira 1,500. Msanifu wa Lagos anaweza kukata bei yake kwa nusu na bado apate naira nyingi kuliko awali. Msanifu wa Karagita akifanya hivyo atafukuzwa na mwenye nyumba. Ushindani huu hauamuliwi na kipaji wala bidii. Unaamuliwa na benki kuu za nchi mbili ambazo hazijui kwamba vijana hao wapo.

Ukiongeza ada za masoko ya mtandaoni, hesabu inazidi kunyong'onyea. Fiverr, mojawapo ya masoko hayo, humkata muuzaji asilimia 20 ya kila kazi. Dola 300 hubaki 240 hata kabla ya ada za kuhamisha fedha. Ni kweli kwamba tangu 2018 mtu anaweza kutoa fedha zake za PayPal moja kwa moja hadi M-Pesa, jambo ambalo miaka kumi na mitano iliyopita lilikuwa kero kubwa. Urahisi huo nao una bei yake katika kiwango cha kubadilishia dola.

Jambo la pili lilikuwa yale mapengo katika safu ya malipo.

Nilidhani wateja wa ng'ambo ndio waliokwepa kulipa. Nilikosea. Mapengo mengi yalikuwa ya wateja wa humu nchini: waandalizi wa harusi, mwaniaji wa udiwani aliyeanza kujiandaa mapema kwa 2027, na biashara moja ambayo mabango yake bado yametundikwa kando ya barabara kuu ilhali aliyeyachora hajapata hata shilingi moja. Wateja wa ng'ambo walipitia masoko ya mtandaoni ambayo hushikilia fedha mpaka kazi ikamilike. Wa humu nchini walikuja kwa simu na kwa kujuana, wakisema "tutaongea".

Sheria ya Hakimiliki ya 2001 ina kifungu ambacho kila msanifu anapaswa kukijua. Kazi ikiagizwa na mtu fulani, hakimiliki yake huhesabiwa kuwa imehamia kwa aliyeiagiza, isipokuwa kama pande hizo mbili zimekubaliana vinginevyo. Kwa lugha nyingine, ukimya unampendelea mwenye kuagiza. Anayechora nembo bila maandishi yoyote anaweza kujikuta ameitoa kazi na haki yake kwa pamoja, kisha akabaki akidai deni tu. Sentensi moja katika barua pepe, isemayo kwamba hakimiliki haitahama kabla ya malipo kukamilika, ingebadilisha hali hiyo. Hakuna hata mmoja kati ya hao wanne aliyewahi kuiandika. Wote wamesomea usanifu chuoni.

Deni nalo lina njia yake. Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya 2016 na kuanza kusikiza kesi Nairobi mwaka wa 2021, hushughulikia madai yasiyozidi Sh1 milioni, nayo inatakiwa kuamua kesi katika siku 60. Mdai anaweza kujiwakilisha bila wakili. Nilipoitaja, wawili waliandika jina lake pembeni mwa daftari. Yule wa Likoni aliuliza kama mtu anaweza kumshtaki mwaniaji wa udiwani na bado apate kazi nyingine mtaani. Swali hilo sikuwa na jibu lake.

Ikumbukwe kwamba wachuma maua hawakuzaliwa na ulinzi walio nao leo. Mashamba makubwa ya maua yalianza kushika kasi Naivasha tangu mwishoni mwa miaka ya sitini na mwanzoni mwa sabini, na kwa miaka mingi kibarua wa msimu alikuwa akiachishwa kazi kwa neno la msimamizi. Dawa zilinyunyizwa watu wakiwa ndani ya vivungulio. Vyama vya wafanyakazi, mashirika ya kutetea haki na wanunuzi wa Ulaya waliotaka vyeti vya biashara ya haki vilisukuma mambo pole pole hadi kukawa na mikataba ya maandishi, likizo ya uzazi na vifaa vya kujikinga.

Hata hivyo, ngao hiyo ina matundu. Mnamo Februari 2014 shamba kubwa la Karuturi lilipowekwa chini ya mrasimu, baadhi ya wafanyakazi walikuwa wamekaa miezi kadhaa bila mshahara. Machi 2020, virusi vya corona vilipofunga Ulaya, bei ziliporomoka katika mnada wa maua wa Uholanzi, waridi zikatupwa kwa malori na maelfu ya vibarua wakarudishwa nyumbani. Dadangu alikuwa miongoni mwao. Alirejea kazini, na alirejea akiwa na nambari yake ile ile ya kazi.

Linganisha na yaliyotokea Machi 2024. Remotasks, jukwaa la kampuni ya Marekani iitwayo Scale AI, lilifunga milango yake kwa Wakenya. Vijana waliokuwa wakiweka alama kwenye picha na maandishi ili kuifunza mitambo ya akili unde walipata ujumbe kupitia barua pepe, kisha hawakuweza tena kuingia. Hapakuwa na notisi ya mwezi mmoja, chama cha kuwatetea wala ofisi ya kwenda kupiga kelele mlangoni. Yule wa Nakuru alikuwa mmoja wao. Usanifu ulikuwa kazi yake ya pembeni, ukageuka tegemeo lake la pekee katika siku moja.

Mahakama zetu zimeanza kuliangalia suala hili, ingawa kwa mwendo wa kobe. Mei 2022 Daniel Motaung, aliyekuwa msimamizi wa maudhui ya Facebook jijini Nairobi, aliishtaki Meta pamoja na kampuni ya Sama iliyomwajiri. Meta ilidai kwamba mahakama za Kenya hazina mamlaka juu yake. Februari 2023 Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi ilikataa hoja hiyo, na Septemba 2024 Mahakama ya Rufaa ikaunga mkono msimamo kwamba Meta inaweza kushtakiwa humu nchini. Uamuzi huo ni mkubwa. Ila unawahusu watu waliokuwa na mwajiri, jengo na kadi ya kuingilia kazini. Vijana wa Karagita hawana hata kimoja kati ya hivyo, na sheria ya ajira inawatambua kama watu wanaojiajiri, yaani watu wasiohitaji kulindwa dhidi ya yeyote.

Wapo watakaosema kwamba kikundi cha watu walio mbalimbali hakiwezi kudumu, kwamba kazi ya kweli hufanyika ofisini. Nami nilikuwa na mawazo hayo. Nilipoanza kazi hii, msanifu wa kurasa alikuwa akiketi hatua mbili kutoka kwa meza yangu, na kichwa cha habari kikizidi nafasi tulikuwa tukikikata pamoja, tukibishana. Corona ilipotupeleka nyumbani 2020, nilidhani gazeti litatoka likiwa na makosa kila ukurasa. Lilitoka. Makosa yalikuwa yale yale ya siku zote.

Lakini mfano bora uko karibu zaidi na Naivasha, nao una uchungu ndani yake. Januari 2008, nchi ilipokuwa ikiwaka moto baada ya uchaguzi, Wakenya wachache waliokuwa wametawanyika walitengeneza jukwaa la mtandaoni liitwalo Ushahidi. Ory Okolloh, wakili na mwanablogu, aliandika akiomba mtu atengeneze ramani ambayo wananchi wangeijaza kwa ripoti za ghasia walizoziona. David Kobia, aliyekuwa Marekani, aliandika programu yenyewe. Erik Hersman na Juliana Rotich walikuwa miongoni mwa waliolisukuma gurudumu. Hawakuwa katika chumba kimoja, wala katika nchi moja. Jukwaa lilikuwa tayari katika muda wa siku chache.

Mwishoni mwa mwezi huo huo ghasia zilifika Naivasha. Mnamo Januari 27, watu 19 walichomwa ndani ya nyumba moja katika mtaa wa Kabati. Maelfu ya wafanyakazi wa mashamba ya maua walikimbilia kituo cha polisi na uwanja wa gereza. Wazee wa Karagita hawapendi kuzungumzia siku hizo, na sitawalazimisha. Nataja tu kwamba kazi ya kikundi kile kilichotawanyika ilikuwa na maana kwa watu wa hapa kabla hata neno "kazi ya mbali" halijazoeleka. Miaka miwili baadaye programu hiyo hiyo ilitumika Haiti baada ya tetemeko la ardhi la Januari 2010.

Kikundi cha Ushahidi ndicho pia kilichozalisha BRCK mwaka wa 2013, kifaa cha intaneti chenye betri yake, kilichobuniwa kwa ajili ya mahali ambapo umeme na mtandao hukatika. Wazo hilo lilitokana na kero yao wenyewe. Nalo linatuleta kwa jambo la tatu katika ajenda ya Karagita: stima.

Kinaya cha mtaa huu ni kwamba umeme wa taifa unachemka nyuma ya vilima vyake. Mvuke wa Olkaria, upande wa pili wa Hell's Gate, umekuwa ukizalisha umeme tangu 1981, na leo jotoardhi ndiyo chanzo kikubwa zaidi cha umeme wa Kenya. Usiku mtu akipanda mahali palipoinuka huona taa za mitambo. Chini, Karagita, taa huzimika bila taarifa. Agosti 25, 2023 karibu nchi nzima ilibaki gizani, hata uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta, na Desemba mwaka huo giza likarudi. Hayo ni makubwa yaliyoandikwa magazetini. Yanayomuumiza msanifu ni yale madogo ya saa tatu au nne katika mtaa mmoja, siku ambayo mteja wa Ulaya anasubiri kazi kabla ya saa kumi na moja jioni.

Mtandao nao una siku zake. Mei 12, 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika karibu na Afrika Kusini na intaneti ya Afrika Mashariki ikawa ya kusuasua kwa siku kadhaa. Juni 25, 2024, vijana walipoingia Bunge kupinga Mswada wa Fedha, intaneti ilivurugika tena nchini kote. Kikundi hiki kilipoteza mteja mmoja wa kudumu katika majuma hayo. Mteja hakukasirika, alitafuta tu mtu aliye katika nchi yenye utulivu zaidi.

Hapa faida ya kutawanyika ilionekana. Mwaka 2025, maji ya Ziwa Naivasha yalipopanda na kuingia mtaa wa Kihoto, maelfu ya watu walihama na mpwa wangu alitumia siku kadhaa akimsaidia rafiki yake kuokoa vyombo. Wenzake wa Eldoret na Likoni walimaliza kazi yake bila mteja kujua. Hilo waliliandika kwa wino mwekundu, kama jambo jema la mwaka.

Suala la akili unde walilipitia haraka, kuliko nilivyotarajia. Nembo za bei ya chini, zile za dola 20 na 30, zimekwisha. Mteja sasa huandika maneno machache na mashine humchorea. Wanne hawa hawakulia sana. Walisema kazi hizo ziliwachosha na hazikuwalipa. Kinachowatia hofu ni kwamba ndizo zilizowafunza, na hawaoni mwanagenzi wa kesho atajifunzia wapi. Mimi niliongeza kinaya kingine: jarida la TIME liliripoti Januari 2023 kwamba wafanyakazi wa Sama jijini Nairobi walilipwa chini ya dola 2 kwa saa kusafisha maudhui yaliyotumiwa kuifunza ChatGPT. Mkono wa Mkenya umo ndani ya mashine inayomnyang'anya Mkenya mwenzake nembo ya dola 20.

Na serikali je? Mpango wa Ajira Digital ulizinduliwa 2016 chini ya Wizara ya Habari na Mawasiliano, na umefunza vijana wengi namna ya kutafuta kazi mtandaoni. Utawala ulioingia madarakani 2022 uliahidi kilomita 100,000 za nyaya za intaneti, vituo 25,000 vya intaneti ya bure na kituo cha kidijitali katika kila mojawapo ya wadi 1,450. Sina ugomvi na ahadi hizo. Ila zote zinahusu mlango wa kuingilia: mafunzo, nyaya, vituo. Kijana akishaingia, hakuna sera inayosema neno kuhusu bei, mkataba, ugonjwa au uzee wake.

Tazama bima ya afya. Dadangu hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wake kila mwezi kwa ajili ya Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ulioanza kazi Oktoba 2024. Hasikii uchungu wa pamoja kwa sababu mwajiri hukata kidogo kidogo. Bintiye, aliye katika sekta isiyo rasmi, hutathminiwa mapato yake na hutakiwa kulipa mwaka mzima kwa mkupuo, kuanzia Sh300 kwa mwezi, yaani si chini ya Sh3,600. Kiasi hicho si kikubwa kwa mtu mwenye mshahara. Kwa mtu anayelipwa mara mbili Machi na asilipwe Aprili, ni kitu cha kuahirishwa. Kati ya wanne hao ni mmoja tu aliyekuwa amelipa.

Kodi nayo ina upofu wake. Sheria ya Fedha ya 2023 iliondoa mzigo wa VAT kwa huduma zinazouzwa nje kwa kuziweka katika kiwango cha sufuri, hatua nzuri kwa taifa linalotaka kuuza akili zake. Anayefaidi ni aliyesajiliwa kwa kodi hiyo, na anayelazimika kusajiliwa ni mwenye mauzo ya Sh5 milioni kwa mwaka. Kikundi cha Karagita kikikusanya miaka yake yote hakijafika hapo.

Kwa maoni yangu, ukubwa ndilo tatizo ambalo halitajwi. Sera zetu zinamjua mwajiriwa na zinaijua kampuni. Kati yao kuna maelfu ya vikundi vya watu watatu au wanne, na nchi hii ina chombo cha zamani kilichotengenezwa kwa watu kama hao: chama cha ushirika. Wakulima wa kahawa na maziwa, na hata wahudumu wa matatu, walikitumia kujipa sauti na akiba. Wasanifu wa Naivasha, Nakuru na Eldoret wakiwa na ushirika wangeweza kuwa na mkataba mmoja wa mfano, wakili mmoja wa kuandika barua za madai, akaunti ya dola ya pamoja, na hata betri za kukopeshana. Kaunti ya Nakuru, ambayo huagiza mabango, vipeperushi na ripoti kila mwaka, ingeweza kutenga sehemu ya kazi hizo kwa ushirika kama huo. Sheria ya ununuzi wa umma tayari inatenga asilimia 30 ya zabuni kwa vijana, wanawake na walemavu. Kikwazo ni masharti ya kampuni iliyosajiliwa na vyeti ambavyo gharama yake inashinda faida ya bango.

Nilipolitoa pendekezo hilo la ushirika walinisikiza kwa adabu. Kisha mpwa wangu akaniambia, "Mjomba, hata sisi wanne tulikaribia kuvunjana Agosti." Sikujua. Kumbe yule wa Nakuru alikuwa amepata nafasi ya ukarani katika shamba la maua, yenye mshahara wa kila mwezi, na aliificha kwa wiki tatu kwa sababu ya aibu. Aliikataa mwishowe. Hakuna aliyemuuliza kwa nini, na dadangu, aliyekuwa akimimina chai, alitikisa kichwa kana kwamba amesikia habari ya mtu aliyekataa kuokolewa.

Waliamua mambo mawili kabla ya jua kutua. La kwanza ni kwamba kuanzia Januari hawataanza kazi ya mteja yeyote, wa ndani au wa nje, kabla ya kupokea nusu ya malipo, na kila ankara itakuwa na ile sentensi ya hakimiliki. Waliniomba niwaandikie kwa Kiswahili na Kiingereza, nami niliifanya palepale.

La pili lilihusu salio la mwaka. Lilitosha kununua betri ya kuhifadhi umeme hapo Karagita au kukibadilisha kile kipakatalishi chenye ufa kilichoko Likoni, wala halikutosha vyote viwili. Walipiga kura mara mbili na mara zote wakagawanyika wawili kwa wawili. Wa Likoni alikuwa na basi la usiku. Walikubaliana kuendelea na mjadala kwa simu.

Jumatatu iliyofuata mpwa wangu alinipigia. Mteja wa kwanza aliyetumiwa masharti mapya, wa humu nchini, alikuwa amejibu kwamba atatafuta mtu mwingine. Wa pili alikuwa amelipa nusu.